Sura ya Tisa: Fimbo Kwenye Ndoano

Kwa dakika kumi na mbili nzima Inspekta alisimama mbele ya skrini ya mapokezi ya maabara akitazama tone la maji. Koplo wake wa kike alikuwa ameshakaa, ameshasimama, ameshasoma matangazo yote ubaoni mpaka la kupotea kwa mwavuli, na sasa alibaki kumtazama bosi wake jinsi mtu anavyotazama sufuria akingoja ichemke.

Watu wa kituoni walishamzoea. Tangu amzike mkewe, wiki tisa zilizopita, Inspekta alikuwa hivyo: umweke mbele ya ukuta, atautazama ukuta. Chai aliinywa ikiwa moto, akainywa ikiwa imepoa, kwake mamoja. Hakulia msibani wala hakulia baadaye. Siku ya nne alirudi kazini, akavuta kiti, akauliza kuna jalada gani mezani. Waliompenda walisema amejikaza kiume. Yeye mwenyewe angeulizwa, angesema hajikazi hata kidogo, ni vile tu hakuna cha kukaza.

Kwenye skrini ilionekana sindano, imekuzwa ikawa nene kama kidole, na shingoni mwake nukta ndogo ya bluu. Nchani mwake tone la maji lilikuwa limevutwa mbele likachongoka kama pia ya kuchezea watoto. Filamu ilidumu dakika mbili, ikaisha, ikaanza upya.

"Afande, umeshaiona mara tano hiyo," alisema Koplo.

"Sita."

"Na kunatokea nini?"

"Hakuna. Limesimama tu."

"Basi mwenzangu unafaidi."

Koplo alitania, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa tatu na robo asubuhi. Saa nane mchana jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na ndani yake kulikuwa na mshukiwa mmoja tu, kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe: msaidizi wa maabara, mama wa watoto pacha wa miezi mitano, ambaye jengo zima lilimwita Mama Pacha. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala mahabusu ya kituo. Kila baada ya saa tatu mama mkwe wake aliwaleta watoto, naye akawanyonyesha kwenye benchi la kaunta huku askari wa kike amemsimamia. Jalada likienda jinsi lilivyo, jioni hiyo hiyo angepelekwa gereza la nje ya mji, na huko mama mkwe hakuwa na miguu ya kufika kila baada ya saa tatu.

Profesa, mkuu wa maabara, aliwapokea ofisini kwake kwa mikono miwili. Shati lake limenyooka kwa pasi, macho yake mekundu.

"Poleni na kazi. Naomba tu jambo hili liishe, familia ya marehemu ipumzike."

"Pole na wewe," alisema Inspekta. "Nieleze tena, tangu mwanzo."

Profesa alieleza. Marehemu alikuwa fundi mkuu. Waliomjua walimwita Babu Sindano, kwa kuwa kila sindano iliyotumika maabara alikuwa ameichonga yeye kwa mkono wake, miaka thelathini. Jana saa sita mchana, wageni muhimu wakiwa wanapanda ngazi, alikutwa chali kando ya pipa la majaribio, waya ukiwa bado mkononi. Alikuwa anaufungua ili afungue pipa.

"Umeme ulikuwa umezimwa?"

"Mtambo ulikuwa umezimwa. Lakini kuna kitu tunakiita debe. Linatunza chaji. Ukizima mtambo, debe bado limejaa, na hilo ndilo linaloua. Lazima uliguse kwa fimbo ya shaba iliyofungwa waya wa ardhini, chaji ishuke yote. Ukimaliza unaitundika fimbo kwenye ndoano ya pipa. Fimbo ikiwa ndoanoni, pipa ni salama. Ikiwa ukutani, usiguse kitu."

"Na jana ilikuwa wapi?"

"Ndoanoni. Yule mama aliitundika saa nne bila kugusa debe. Alikuwa anakimbilia kunyonyesha."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, nilikuwa hapa ofisini asubuhi nzima. Lakini wiki iliyopita marehemu alimgombeza mbele za watu kwa mambo ya fimbo hiyo hiyo. Muulize yeyote."

Kalamu ya Koplo ilikimbia. Inspekta alishukuru, akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Ile filamu ya mapokezi. Ya lini?"

"Ile?" Profesa alishtuka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kuhusu pazia. "Ya zamani hiyo. Mwaka jana, nadhani. Ya kuwaonyesha wageni tu."

Koridoni Koplo alifunga daftari lake kwa kishindo. "Huyu mama amekwisha. Kosa hilo hilo, kwa mtu huyo huyo, wiki moja tu."

"Mlete."

"Nani, afande?"

"Mama Pacha. Mlete hapa anionyeshe kazi."

"Na wale watoto? Saa tano ni zamu yao ya kula."

"Waje nao."

Saa tano kasoro Mama Pacha aliingia maabara akiburuza miguu, maana viatu vyake havikuwa na kamba. Kamba zilibaki kituoni kwenye bahasha, pamoja na mkanda na saa yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vyembamba na kucha zilizokatwa hadi nyamani. Mama mkwe alibaki koridoni na mapacha, mmoja amelala, mwingine anapiga kelele kwa niaba ya wote wawili.

Pipa lilikuwa la chuma, kimo cha mtu, na dirisha dogo la kioo kizito ubavuni. Tangu jana hakuna aliyelifungua. Fimbo ya shaba ilikuwa bado inaning'inia kwenye ndoano. Mama Pacha aliitazama, akaondoa macho haraka.

"Usinieleze kosa," Inspekta alimwambia. "Nieleze kazi."

Mama Pacha akaanza. Mwanzoni sauti yake ilikwama, lakini kazi aliijua, na kazi ilimshika mkono ikamvusha.

"Ndani ya sindano kuna chumvi."

"Chumvi gani ya maji?" Koplo alidakia.

"Ni chumvi isiyoganda, dada. Nyonya hewa yote pipani, haikauki. Unaijaza kwenye sindano, halafu unaipandishia volti. Mwanzo haifanyi kitu, tone limekaa tu kama kitambi. Unaongeza, kimya. Unaongeza tena, kimya. Ukifika mahali, umeme unalivuta tone mbele, linachongoka kama pia, na pale kwenye ncha ioni, chembe zenye umeme, zinaanza kuruka. Huzioni kwa macho, unaziona kwenye mita. Na zikishaanza, unaweza hata kupunguza volti, zitaendelea tu."

"Kuanza ndiyo kazi," alisema Inspekta.

"Kuanza ndiyo kazi." Alimtazama mara ya kwanza. "Sasa, zile ioni ziko za aina mbili, chanya na hasi. Ukitoa chanya tupu, hasi zinabaki nyuma, zinarundikana kwenye chuma cha sindano na kuichafua chumvi. Saa moja haijaisha, imekuwa ya kahawia. Kwa hiyo tuna hiki." Aligusa kisanduku cha kijivu kilichofungwa mezani, chenye tarakimu nne usoni. "Kigeuzi. Kila nusu dakika kinageuza umeme: chanya, hasi, chanya, hasi. Kikigeuza kinalia *tak*, kihesabio kinasogea namba moja, na ile pia ya tone inaanguka, kisha inasimama upya."

"Kila nusu dakika inaanguka?"

"Kila nusu dakika. Babu alikuwa akisema, isipolia *tak*, hiyo si kazi yetu."

Inspekta aliomba kitabu cha kazi. Ukurasa wa jana ulikuwa na mwandiko wa Mama Pacha, mdogo, wima, usio na neno hata moja lililofutwa, na aliusoma kwa sauti ili Koplo asikie.

"Saa mbili: sindano mpya, alama bluu. Saa nne na dakika kumi: umeme umezimwa. Fimbo mara mbili. Chumvi angavu. Kihesabio elfu nne mia nane kumi na mbili." Aliinua macho. "Alama bluu ni nini?"

"Rangi ya kucha. Kila sindano mpya naipaka nukta nisizichanganye, kila moja na rangi yake. Bluu niliifungua jana, kichupa kipya."

"Na fimbo mara mbili?"

"Debe lina ukaidi. Ukiligusa mara moja linatulia, halafu chaji nyingine inajitokeza yenyewe kutoka ndani. Lazima ungoje, uguse tena. Wiki iliyopita niligusa mara moja tu nikatundika. Ndipo Babu akanigombeza, jengo zima likasikia." Sauti ilishuka. "Jana niligusa mara mbili. Najua kila mtu anasema hivyo akikamatwa."

Inspekta aliwasha tochi, akainama kwenye dirisha la pipa. Sindano ilikuwa mahali pake. Nukta ya bluu ilikuwa mahali pake. Na nchani, tone la chumvi lilikuwa limekaa kama kitambi, kama alivyosema, ila rangi yake ilikuwa ya chai isiyo na maziwa.

"Njoo uone."

Mama Pacha aliinama. Alikaa hapo muda mrefu, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo.

"Hii siyo niliyoiacha," alisema.

"Kihesabio kinasema ngapi?"

Koplo ndiye aliyesoma. "Elfu nne mia nane kumi na mbili."

"Vilevile kama kitabuni." Inspekta alizima tochi. Alizungumza taratibu, kama anayesoma orodha ya vitu vya watu wengine. "Tuseme huyu mama aliacha umeme unawaka. Kuanzia saa nne na dakika kumi mpaka saa sita, kigeuzi kingelia zaidi ya mara mia mbili. Kihesabio kingepita elfu tano. Hakikusogea."

"Kwa hiyo alizima," alisema Koplo.

"Tuseme alizima, na hakuna mwingine aliyegusa. Chumvi ingekuwa angavu hadi sasa. Imegeuka."

Koplo alirudisha macho kwenye kihesabio. "Kuna mtu aliwasha baada yake. Bila kigeuzi."

"Inawezekana?" Inspekta alimgeukia Mama Pacha.

"Kuna swichi nyuma ya kisanduku. Upande mmoja *geuza*, upande wa pili *simama*. Sisi tunaoshughulika na pipa hatuigusi, inaharibu sindano."

"Basi nani ataigusa?"

"Mtu asiyejali sindano. Mtu anayetaka pia isianguke." Alisita. "Labda anataka kuipiga pich..."

Neno halikumalizika. Koridoni pacha mwenye kelele alinyamaza ghafla.

"Babu mwenyewe?" aliuliza Koplo, maana ilikuwa kazi yake kuuliza. Lakini jibu alikuwa nalo mfukoni tangu asubuhi. Marehemu alikuwa stoo kuanzia saa nne hadi saa sita kasoro dakika tano, anapokea mitungi ya gesi, na yeye na mtunza stoo walikuwa wametia saini mtungi mmoja mmoja, mitungi thelathini na minne.

Mhudumu wa mapokezi alikuwa binti mwenye miwani mikubwa, aliyelia jana na angelia tena akipewa nafasi. Inspekta hakumpa.

"Filamu hii uliiweka lini?"

"Jana. Saa sita kasoro robo. Profesa aliniletea mwenyewe kwenye simu yake, akasema harakisha, wageni wako njiani."

"Asante. Mwite, tafadhali."

Profesa aliteremka ngazi akiwa na tabasamu la kuazima. Inspekta alimwashiria asimame kando yake, wote wawili uso kwa skrini, kama watu wanaongoja basi.

"Tazama nami."

Walitazama. Pia ilisimama, kali, haitikisiki. Nusu dakika ikapita. Dakika ikapita. Filamu ikaisha, ikaanza upya.

"Asubuhi niliitazama mara sita," alisema Inspekta. "Sikujua naangalia nini. Pia hii ilitakiwa kuanguka na kusimama mara nne katika kila filamu. Haijaanguka hata mara moja."

"Inspekta, haya mambo ni ya kitaalamu, huwezi..."

"Ile nukta ya bluu pale shingoni ni rangi ya kucha. Ilipakwa jana saa mbili asubuhi. Umeniambia filamu hii ni ya mwaka jana."

Profesa aliitazama nukta kama anayeiona mara ya kwanza, na bila shaka ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mtu wa ofisini hajui sindano zina rangi.

"Ilinichukua karibu saa nzima," alisema hatimaye. "Kila nikipata picha nzuri, kile kisanduku kinaitibua. Nikakizima. Nilipomaliza nilirudisha kila kitu kilivyokuwa. Kitufe cha volti nilikirudisha hadi sifuri, naapa."

"Kitufe cha mtambo."

"Ndiyo."

"Na debe?"

"Sijashika kazi ya mikono maabara miaka kumi na miwili." Alijifuta paji la uso kwa kiganja. "Fimbo niliikuta kwenye ndoano. Wala sikuigusa. Ilikuwa kwenye ndoano nilipoingia, ikawa kwenye ndoano nilipotoka. Niliona mambo shwari."

"Uliwasha umeme fimbo ikiwa inasema pipa ni salama, ukatoka ukaiacha inasema hivyo hivyo."

"Sikujua."

"Ukajua lini?"

Profesa aligeuza uso kuelekea ngazi. Mhudumu alikuwa amevua miwani yake, na Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Nilipomsikia akianguka," alisema. "Wageni walikuwa wameshafika ngazi ya pili."

"Na aliyetaja jina la Mama Pacha kwanza ni nani?"

"Ni mimi."

Inspekta alijua kwamba hapa ndipo mtu hukasirika. Zamani angekasirika, angepandisha sauti, mkewe angemwambia usiku kwamba kazi itamletea presha. Aliingoja hasira ije, na haikuja. Akatoa pingu.

Saa nane kasoro dakika ishirini, kwenye kaunta ya kituo, Mama Pacha alitia saini mahali palipoonyeshwa, akamiminiwa vitu vyake kutoka kwenye bahasha. Jalada lilikuwa limeshaondoka na mshukiwa mwingine ndani yake. Mama mkwe alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na askari wa zamu walikuwa wanamwitikia. Mama Pacha peke yake hakushukuru mtu. Alikaa kwenye benchi, pacha mmoja mapajani, kamba ya kiatu mkononi.

"Profesa aliiona fimbo yangu akadhani ni salama," alisema.

"Ndivyo alivyosema." Inspekta alikuwa amesimama mbele yake, hajui kwa nini hajaondoka.

"Babu hakuwahi kuiamini fimbo ya mtu. Miaka yote ile. Hata aikute imetundikwa, anaitungua, anagusa debe mwenyewe, mara mbili, halafu ndiyo anashika waya. Tulikuwa tunamcheka. Tunamwambia, Babu, si tumeshagusa? Anasema, mmegusa nyinyi."

"Na jana?"

"Baada ya kunigombeza alikaa siku nne ananitazama nikigusa. Haniambii kitu. Juzi, siku ya tano, wakati natundika, akanishika bega." Alijaribu kupitisha kamba kwenye tundu la kiatu, akalikosa. "Akaniambia, 'Mwanangu, fimbo yako sasa naiamini.'"

Kamba ilianguka sakafuni, na Mama Pacha hakuinama kuiokota.

Inspekta alikuwa na maneno ya kumwambia, yale ya kawaida, kwamba si kosa lake, kwamba sheria imemsafisha. Aliyapanga kichwani, akayaona yalivyo, akayaacha. Aliinama akaokota kamba. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kufunga viatu na mtoto mapajani, alinyoosha mikono.

"Nipe huyo."

Mtoto alikuwa mzito na wa moto, na alimtazama Inspekta moja kwa moja bila haya. Kisha akamwegemea shingoni, akaanza kunyonya kola ya sare yake. Inspekta alisimama vilevile. Mama Pacha alifunga kiatu kimoja, akafunga cha pili, akajifuta uso kwa mikono yote miwili, akanyanyuka.

"Afande, gari liko tayari," Koplo aliita kutoka mlangoni. "Afande? Wanangoja kwa mwendesha mashtaka."

"Nimesikia," alijibu Inspekta, akaendelea kumshika mtoto.